Kiungo Kisichojitaja

Anayesoma tovuti kwa masikio ana haraka zake kama mimi na wewe. Haanzi neno la kwanza juu ya ukurasa akaenda nalo hadi la mwisho. Hutafuta njia ya mkato. Akiwa na NVDA au JAWS, programu mbili zinazotumika sana kusomea skrini ya kompyuta kwa sauti, hubonyeza Insert pamoja na F7, na papo hapo viungo vyote vya ukurasa huchomolewa kwenye aya zake vikapangwa katika orodha moja. Huteremka nayo kwa kitufe cha mshale, kiungo baada ya kiungo, ametega sikio. Ukurasa ulioandikwa vizuri humwambia: "Fomu ya maombi ya mkopo." "Ratiba ya usaili, Dodoma." "Simu za ofisi za kanda." Kurasa zetu nyingi humwambia: "Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Soma zaidi. Hapa. Soma zaidi. Bonyeza hapa."

Sentensi zilizokuwa zikieleza kila "hapa" ni wapi zimebaki ukurasani. Kwenye orodha hazikuja. Sasa msikilizaji abahatishe, afungue kimoja kimoja, au arudi ukurasani asikilize neno kwa neno mpaka afike panapomhusu. Kazi ambayo mwenye macho huimaliza kwa kutupa jicho mara moja, yeye inamla muda, na kama anatumia bando inamla na fedha. Wakati huohuo hakuna kilichoharibika. Seva iko hewani, viungo vyote vinafunguka, fundi akiulizwa atajibu kwamba tovuti haina tatizo. Kilichomkwamisha mtu huyu ni maneno mawili yaliyoandikwa na mwenzake.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kiungo ni kazi ya mwandishi. Katika ofisi nyingi, likitajwa suala la tovuti kufikiwa na watu wenye ulemavu, kila mtu hugeuka kuwatazama watu wa TEHAMA. Yapo kweli ambayo wao peke yao ndio wanaoyaweza: fomu zinazotumika kwa kibodi bila kipanya, mpangilio wa vichwa vya habari, rangi zinazosomeka. Lakini maneno ya kiungo hayatoki kwao. Fundi hupokea faili ya Word kutoka kwa afisa habari, imeshapitishwa na mkuu wa idara, na "bonyeza hapa" imo tayari, imepigiwa mstari na kutiwa bluu. Hana ruhusa ya kugusa hata nukta. Anapakia kama alivyoletewa.

Ukitazama kiungo kilivyoundwa utaona kwa nini jambo hili haliwezi kuachiwa mashine. Lugha ya HTML, aliyoibuni Tim Berners-Lee alipokuwa katika maabara ya CERN kule Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hukiwakilisha kiungo kwa herufi moja tu, a. Ndani yake mna sehemu mbili. Ya kwanza ni anwani, na hiyo ni ya mashine: ikikosewa herufi moja, kiungo hakifunguki na kosa huonekana siku hiyohiyo. Ya pili ni maneno anayoyaona au kuyasikia msomaji, na hayo mashine haiyakagui. Andika "ndizi" halafu elekeza kwenye fomu ya mkopo, kivinjari kitampeleka mtu kwenye fomu ya mkopo bila kunung'unika. Pengo kati ya jina na mahali linazibwa na mwandishi au halizibwi kabisa.

Berners-Lee mwenyewe aliliona hilo mapema. Katika mwongozo wake wa uandishi wa kurasa, wa miaka hiyohiyo ya 1990, aliwataka waandishi waache kuzungumzia mitambo ndani ya maandishi yao: mtajie msomaji atakachokikuta, usimfundishe kubonyeza. Mwaka 2001, W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, lilitoa ushauri mfupi wa kuwakataza watu kutumia "bonyeza hapa" kama maneno ya kiungo. Kisha tarehe 11 Desemba 2008 ukatoka mwongozo wake wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wenye ulemavu, WCAG 2.0, ambao ndio msingi wa sheria nyingi za leo kuhusu jambo hili. Kigezo chake namba 2.4.4, cha ngazi ya A, yaani ya chini kabisa na ya lazima, kinadai lengo la kiungo lijulikane kutokana na maneno ya kiungo chenyewe au kutokana na maneno hayo pamoja na sentensi yake. Kigezo namba 2.4.9, cha ngazi ya juu ya AAA, kinadai maneno ya kiungo yajitosheleze peke yake.

Soma vigezo hivyo viwili kwa makini, maana hapo ndipo ofisi nyingi hupata pa kujifichia. Kwa kigezo cha kwanza, sentensi "Kupata fomu ya maombi ya mkopo bonyeza hapa" inapita. Lengo linajulikana kutokana na sentensi, na programu ya kusoma skrini inaweza kumrudishia mtu sentensi nzima akiitaka. Mkaguzi ataweka alama ya vema na kuondoka. Mimi naona kigezo hicho kiliwekwa kuwa kikomo cha chini, kwa ajili ya hali ambazo mwandishi hana namna nyingine. Katika aya ya kawaida ya tangazo la kawaida, namna nyingine ipo kila mara, na haigharimu hata shilingi. Kukifanya kiungo kiwe jina la kile kilichoko upande wa pili ni kuhamisha mstari wa bluu maneno mawili matatu kuelekea kushoto: mstari uwe chini ya "fomu ya maombi ya mkopo", na "bonyeza hapa" ifutwe.

Chukua tangazo la aina tunayoisoma kila msimu wa maombi:

"Waombaji wote wanatakiwa kusoma mwongozo kabla ya kujaza fomu. Kupata mwongozo bonyeza hapa. Kupata fomu bonyeza hapa. Kwa maelezo zaidi bonyeza hapa."

Sasa litazame likiwa limeandikwa upya. Sehemu zilizo kiungo ni zile ninazozitia alama za kunukuu: Kabla ya kuomba, soma "mwongozo wa maombi ya mkopo, PDF, kurasa 24, MB 3". Ukishaelewa masharti, jaza "fomu ya maombi ya mkopo". Ukikwama, piga simu au fika kwenye "ofisi ya kanda iliyo karibu nawe".

Sentensi tatu badala ya nne. "Hapa" zote zimeondoka na hakuna taarifa iliyopotea. Zimeongezeka tatu: aina ya faili, idadi ya kurasa zake na uzito wake. Hizo si mapambo. Anayesoma kwa simu yenye MB chache zilizobaki anahitaji kujua kwamba akigusa kiungo kile hatapelekwa kwenye ukurasa mwepesi bali atapakua faili. Huenda akaamua kusubiri mpaka afike penye Wi-Fi. Kumnyima taarifa hiyo ni kumwamulia matumizi ya fedha yake. Nimeandika kurasa 24 na MB 3 kwa mfano tu, lakini faili yako ina idadi yake na uzito wake, na vyote viwili vinaonekana ukiibofya faili kabla ya kuipakia.

Angalia pia kiungo cha tatu. Mwandishi wa kwanza aliandika "maelezo zaidi", maneno yanayopendwa mno na ofisi zetu kwa sababu hayamfungi mtu kwa lolote. Mwandishi wa pili alilazimika kujiuliza: maelezo gani? Alipofuatilia akagundua kwamba ukurasa ule una anwani na simu za ofisi za kanda, basi. Kumbe msomaji aliyetarajia ufafanuzi wa masharti angefika pale akakuta namba za simu. Nimeliona hili mara nyingi katika kazi ya uhariri: kiungo kikigoma kupewa jina, mara nyingi ni kwa kuwa ukurasa kinakoelekea haujui unataka kusema nini. Kutafuta jina la kiungo ni ukaguzi wa bure wa maudhui.

"Bonyeza hapa" ni ugonjwa wa dunia nzima. Sisi tunao wa kwetu pia, na kwa maoni yangu una madhara makubwa zaidi kwa sababu hakuna anayeuhesabu kuwa kosa. Nazungumzia vichwa vya matangazo ya kiofisi vinavyogeuka kuwa viungo vilevile kama vilivyotoka kwenye barua. Fungua ukurasa wa matangazo wa taasisi yoyote ile kubwa. Utakuta safu ndefu ya viungo vyenye herufi kubwa tupu: TAARIFA KWA UMMA KUHUSU KUITWA KWENYE USAILI, TAARIFA KWA UMMA KUHUSU MABADILIKO YA RATIBA YA USAILI, TAARIFA KWA UMMA KUHUSU KUONGEZWA KWA MUDA WA MAOMBI. Kila kimoja kina jina kamili, na kwa kigezo cha 2.4.4 hakina dosari. Lakini msikilize mtu wa orodha ile ya Insert na F7. Katika orodha hiyo anaweza kubonyeza herufi ya kwanza ya neno analolitafuta akarukia pale. Anatafuta usaili, anabonyeza U, hakuna kitu. Vyote viko T. Inabidi asikilize "taarifa kwa umma kuhusu" mara ishirini ili alipate neno moja lililo lake.

Mwenye macho naye haponi. Kwenye skrini ndogo ya simu viungo virefu hukatwa, na kinachosalia ni TAARIFA KWA UMMA KUHU na vitone vitatu, safu nzima, kutoka juu hadi chini. Mwaka 2009 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, aliwapa watu herufi 11 tu za mwanzo za viungo mbalimbali, akawauliza wanatarajia kukuta nini upande wa pili. Alichagua kipimo hicho kwa sababu msomaji anayepitisha macho kwenye orodha huona takriban maneno mawili ya mwanzo ya kila mstari, kisha huamua kukaa au kupita. Hesabu herufi 11 za tangazo letu, nafasi ikiwemo: "Taarifa kwa". Zimekwisha. Hakuna binadamu anayeweza kukisia kilichobaki.

Kabla ya Nielsen, Peter Pirolli na Stuart Card wa maabara ya Xerox PARC, California, walikuwa wameshaeleza kwa nini mtu hukata tamaa mapema namna hiyo. Katika nadharia yao waliyoichapisha mwaka 1999 walimlinganisha mtafuta taarifa na mnyama anayewinda: hunusa, na harufu ikizidi kukolea huendelea na njia ile, ikififia huhamia kwingine. Maneno ya kiungo ndiyo harufu. Viungo ishirini vyenye harufu moja humfanya mwindaji aondoke msituni, na kwa maisha ya kawaida maana yake ni kijana anayefunga ukurasa rasmi na kwenda kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, ambako atapewa jibu na yeyote, la kweli au la uongo.

Tiba yake Kiswahili kinairahisisha, kwa kuwa kwetu jina la kitu hutangulia na sifa zake hufuata. Anza tu na kitu chenyewe: "Usaili wa walimu: majina na vituo." "Usaili wa walimu: tarehe zimebadilika." "Maombi ya mkopo: muda umeongezwa." Maneno "Taarifa kwa umma" yabaki ndani ya waraka, juu kabisa, panapohitajika na itifaki. Nimewahi kuelezwa kwamba kuyaondoa kwenye kiungo kunashusha hadhi ya tangazo. Sikubaliani hata kidogo. Hadhi ya tangazo la umma ni kumfikia anayehusika kabla muda haujapita, na herufi kubwa tupu zinamchelewesha.

Asiyeona ndiye niliyeanza naye, ila si peke yake. Yupo mwenye uoni hafifu anayekuza skrini mara nne au zaidi. Kwa wakati mmoja anaona maneno machache tu, na akilikuta "hapa" sentensi yake iko nje ya kioo, inabidi asogeze ukurasa kushoto na juu kuitafuta. Yupo anayeendesha simu au kompyuta kwa kutamka kwa kuwa mikono haimtii: husema jina la kiungo anachokiona ili kifunguke, na vikiwa sita vyenye jina moja, programu humrudishia swali la kipi kati ya sita. Yupo mwenye kutetemeka mikono, ambaye viungo viwili vilivyobanana vya neno mojamoja humtega. WCAG 2.2, iliyotoka Oktoba 2023, kwa ujumla inataka eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24, au pawe na nafasi ya kutosha kati ya jirani na jirani. Kiungo chenye maneno matatu manne huwa na upana zaidi kuliko chenye "hapa", kwa hiyo mwandishi anasaidia hata hapo bila kujua. Na yupo msomaji wa kwenye daladala au matatu, jua linapiga kwenye kioo cha simu, mkono mmoja umeshika bomba.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi. Bluu na mstari wa chini vilizoeleka tangu kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993, na wapo wabunifu wanaoona mstari ule unachafua ukurasa. Wakiuondoa wakaacha rangi pekee, wasiotofautisha rangi hawakioni kiungo, na WCAG inakataza rangi kuwa alama ya pekee. Mwandishi akiona kiungo chake kimepoteza mstari ana haki ya kuudai.

Fundi mwenye nia njema, akishindwa kubadili maneno ya afisa habari, mara nyingine huweka ndani ya msimbo maandishi ya pembeni ambayo programu ya kusoma skrini huyatamka lakini jicho haliyaoni. Ukurasani panaandikwa "Soma zaidi", sikioni panasikika "Habari kamili kuhusu chanjo ya surua". Kwa asiyeona ni nafuu kubwa. Kwa yule anayetamka ni mtego: anasema "soma zaidi" kama anavyoona, wakati mashine inakijua kiungo kwa jina jingine. Kwa sababu hiyo WCAG 2.1 ya mwaka 2018 ilidai kwamba maneno yanayoonekana lazima yawemo ndani ya jina linalosikika. Ubatizo wa siri ni kiraka. Kichwa cha habari chenyewe kingekuwa kiungo, na "soma zaidi" isingehitajika. Tovuti nyingi za habari hufanya picha kuwa kiungo, kichwa kiungo, na "soma zaidi" kiungo cha tatu, vyote vikielekea ukurasa mmoja. Anayetembea na kitufe cha Tab hupita mlango uleule mara tatu kwa kila habari.

Baya kuliko "bonyeza hapa" ni kiungo kisicho na jina lolote. Ni ile alama ya bahasha, ya simu, au nembo ya mtandao wa kijamii iliyowekwa chini ya ukurasa bila maneno. Programu ya kusoma skrini ikifika hapo hutamka "kiungo" na kunyamaza, au huanza kusoma jina la faili ya picha, tarakimu na vistari vyake vyote. Shirika la WebAIM la Marekani, ambalo tangu mwaka 2019 huchunguza kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, limekuwa likivikuta viungo vitupu vya namna hii katika takriban nusu ya kurasa hizo. Viungo vitupu havikosi katika orodha yake ya makosa sita yanayojirudia zaidi.

Kosa jingine katika orodha hiyohiyo linatugusa wasomaji wa Kiswahili kuliko wengine: ukurasa usiosema uko katika lugha gani. Mwanzoni mwa kila ukurasa wa HTML panatakiwa tamko la lugha, na la Kiswahili ni herufi mbili, sw. Tovuti nyingi zetu zimejengwa juu ya violezo vilivyotoka nje, na tamko lililomo ni en, la Kiingereza, hakuna aliyelibadilisha. eSpeak NG, sauti ya bure inayokuja na NVDA, inajua kusoma Kiswahili. Lakini ikiambiwa ukurasa ni wa Kiingereza, itavitamka viungo vyako kwa matamshi ya Kiingereza, na jina zuri ulilolihangaikia litamfikia msikilizaji likiwa limevunjikavunjika. Hili ni la fundi kulirekebisha, ila mwandishi ndiye atakayejua kwamba maandishi yake ni ya Kiswahili. Mwulize tu.

Kuna hoja mbili ninazokutana nazo kila ninapolizungumzia jambo hili, na zote zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba watu wetu wengi ni wageni wa intaneti, wasipoambiwa "bonyeza" hawatabonyeza. Sina ugomvi na kitenzi. Panapokuwa na kitendo, kitaje pamoja na kitu chake: "Pakua fomu ya uhamisho", "Lipia leseni ya biashara". Mgeni anaelekezwa na mwenyeji anaelewa. Kinachokosekana katika "bonyeza hapa" ni kile kitu. Hoja ya pili hutoka kwa watu wa masoko, kwamba amri fupi huvuta vidole. Vidole vinavyovutwa bila kujua vinakokwenda hurudi nyuma haraka vilevile, na hata mashine za kutafutia hazifaidiki. Sergey Brin na Larry Page walipoeleza Google mwaka 1998, walisema wazi kwamba maneno ya kiungo huhesabiwa kuwa maelezo ya ukurasa kinakoelekea. Kwa miaka mingi aliyetafuta kwa Kiingereza maneno ya "bonyeza hapa" aliletewa ukurasa wa kupakulia Adobe Reader, kwa sababu tovuti zisizohesabika duniani ziliandika hivyo kuelekea kule. Ukurasa ulipata jina ambalo halikuhusiana nao hata chembe. Ndivyo kurasa zetu zinavyobatizwa tukiziandikia "hapa".

Maandishi yetu, tena, hayakai kwenye tovuti. Tangazo hupigwa picha ya skrini likasambazwa kwenye makundi, huchapwa likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, husomwa redioni. Katika picha ya skrini "bonyeza hapa" haibonyezeki. Kwenye karatasi imekufa. Mtangazaji akiisoma hewani, msikilizaji wa Kigoma hana la kushika. Tangazo linalosema "fomu ya maombi ya mkopo" linabaki na maana popote litakapofika, kwa sababu aliyelisikia anajua cha kwenda kuulizia. Kwa nakala ya karatasi ongeza anwani fupi iliyoandikwa wazi, inayonakilika kwa kalamu. Lakini usiihamishie anwani hiyo kwenye ukurasa wa tovuti kuwa maneno ya kiungo: programu ya kusoma skrini itaisoma na vistari vyake vyote vya mshazari.

Ujumbe mfupi wa simu una kanuni yake, maana hapo hakuna maneno ya kiungo, anwani ndiyo inayoonekana. Benki, kampuni za simu na polisi huwaonya watu kila siku wasifungue viungo wasivyovijua, halafu taasisi hizohizo hutuma ujumbe wenye "bonyeza hapa" na anwani iliyofupishwa isiyotaja mwenyewe. Matapeli hutumia umbo hilohilo. Tunawezaje kumfundisha bibi kule Lushoto kutofautisha, kama halali na haramu vimevaa vazi moja? Taasisi itumie anwani yake yenyewe, inayoishia kwa go.tz, go.ke au jina lake linalojulikana, na ujumbe useme ni kitu gani kilichoko kule.

Kisheria hakuna pa kujificha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaitaja intaneti kwa jina katika ibara yake ya 9. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuifikia taarifa, katika sentensi ileile inayompa haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Nasisitiza sentensi ileile. Ngazi isiyo na njia ya kiti cha magurudumu tumeanza kuiona kuwa aibu. Ukurasa wenye "hapa" tisa bado tunauona wa kawaida.

Limebaki suala la viungo vinavyokufa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Berners-Lee aliwaandikia wenye tovuti mwaka 1998 kuwasihi wasibadilishe anwani za kurasa zao. Kwetu kurasa hufa hasa pale muda wa maombi unapokwisha: tangazo hung'olewa, na viungo vyote vilivyosambazwa kwenye makundi vinaanza kuleta ujumbe wa kosa, kwa Kiingereza, wenye namba 404. Mtu aliyechelewa hajui kama amechelewa, amekosea anwani, au ametapeliwa. Uache ukurasa mahali pake, anwani ileile, na juu yake andika: "Maombi ya mwaka huu yamefungwa. Tarehe za maombi yajayo zitatangazwa kwenye ukurasa huuhuu." Kiungo kiwe "matokeo ya waombaji wa mwaka huu", kama yametoka.